Marehemu wa Jumamosi

Kila Jumamosi asubuhi basi jeupe lilisimama juu ya kilima, pale barabara inapoishia, likatapika watu. Walishuka na kofia pana na viatu vyenye meno, kana kwamba njia ile, ambayo wanawake wa kijiji huishuka peku na ndoo kichwani, ingewameza wazimawazima. Asubuhi walikuwa mlimani, mchana ziwani, na kabla jua halijapoa walikuwa wamesharudi kwenye viti vyao wakisinzia, kila mmoja sasa ni bingwa wa maisha ya watu wa pale.

Tangazo la kampuni ya utalii iliyowaleta lilisema kijiji hicho hakijaguswa. Hakijaguswa! Watu wale walishaguswa na kila mwenye mkono. Walikuja wa kupima ardhi, wakaondoka na ardhi. Walikuja wa kuomba kura, wakaondoka na kura. Walikuja hata wa kutoa damu watu vidoleni, wakaahidi majibu, na mpaka leo hakuna anayejua damu ile ilisema nini. Sasa zamu ilikuwa ya wapiga picha.

Hayo yote Mshona Nyavu aliyakumbuka vizuri. Alikuwa mwanamke wa makamo, mchana kutwa yuko barazani kwake, nyavu zimemjaa mapajani, sindano mkononi na ulimi mkali kuliko sindano. Mdogo wake wa kiume ndiye aliyekodiwa na kampuni kuchonga ngazi za kupandia kwenye jabali la juu, ili wageni wapate kulipiga picha ziwa. Jabali likaachia kipande, kikamkuta hapohapo kazini. Kampuni ilituma shuka moja, jipya, likiwa bado na karatasi ya dukani.

Alizikwa Jumamosi, na Jumamosi ni siku ya basi. Wageni waliteremka wakakuta wanawake wanalia. Wakasimama kando ya kaburi, simu juu. Mshona Nyavu alijitupa chini akimwita mdogo wake kwa jina alilopewa na baba yao, sauti ikampasuka, wenzake wakaipokea. Kaburi lilipofukiwa na kilio kikashuka, wale watu wa viatu vya meno wakapiga makofi.

Makofi. Makaburini.

Katikati ya wiki, kabla macho yake hayajapoa uvimbe, walimjia wawili: Mwenyekiti wa kijiji, na mwongozaji wa wageni, kijana wa mjini ambaye watu walimwita Kipaza kwa kuwa mdomo wake haukuwa na swichi ya kuzimia.

"Hodi hapa, dada," alisema Mwenyekiti. "Pole tena na msiba."

"Pole ulishanipa. Sema kilichokuleta, Mwenyekiti, jua linapanda."

Mwenyekiti alimtazama Kipaza. Kipaza ndiye aliyesema. "Mama, wageni walifurahi mno."

"Walifurahia nini?"

"Kile kilio, mama. Wamezisambaza zile picha, basi la wiki hii limejaa mpaka kiti cha kati. Sasa wananipigia simu, wanauliza kilio ni saa ngapi."

Sindano ilisimama hewani.

"Saa ngapi," alirudia Mshona Nyavu, polepole, kama mtu anayeonja kitu kilichochacha.

"Usichukie, dada," Mwenyekiti aliingilia. "Ni kuigiza tu. Mkae vilevile, mlie vilevile, kidogo tu. Kampuni imesema wageni wakiridhika tutajengewa gati."

"La kushukia nani? Sisi tunashukia majini tangu tuzaliwe."

"Maendeleo hayakatazwi, dada yangu."

"Na nikikataa?"

Mwenyekiti alijikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya sana. Alikuwa mtu wa kukubali, na mtu wa kukubali ana hasara kubwa kuliko mbaya. "Ukikataa watalia wengine. Nimeshasema na kina mama kadhaa. Jina la marehemu wanalijua."

Hapo ndipo neno lilipomchoma. Watalia bila yeye. Kila Jumamosi, mvua au jua, jina la mdogo wake litatafunwa mbele ya simu kama muwa, na makapi yatatemwa miguuni pa watu wasiojua hata alikuwa na mwanya. Akakata uzi kwa meno.

"Basi nitaongoza mimi," alisema. "Lakini marehemu nitamchagua mimi. Mdogo wangu kafa mara moja, inamtosha."

"Mchague umtakaye, mama!" Kipaza aliruka kwa furaha. "Wageni hawamjui mtu huku hata mmoja!"

Jioni ile Mshona Nyavu aliteremka ziwani, akawakuta wanawake wakianika samaki. Akawaeleza. Kilio bila marehemu ni kelele tu, alisema. Haya, nani anatoa jina la mtu wake?

"Usiniletee mkosi!" alisema wa kwanza.

"Mchukue mkwe wangu," alisema mwingine. "Nakupa na ukoo wake mzima."

"Mume wako je? Si kila siku unamwambia afe?"

"Namwambia, shoga, lakini paa bado linavuja. Afe, nani apande juu?"

Walicheka mpaka wakaegemeana. Kisha mke wa mvuvi mmoja, mwanamke mtaratibu asiye na maneno mengi, akageuza samaki wake na kusema, "Mwenye shughuli ndiye atoe maiti."

Kicheko kikakatika. Wakatazamana. Mshona Nyavu akasogea kwa yule mke wa mvuvi. Aliinama akamsaidia kuanika.

Jumamosi ikafika. Kipaza alikuwa ameshachotesha mchanga, ukarundikwa mfano wa kaburi, na kando yake limelazwa furushi la magunia lililofunikwa shuka. Wageni walizunguka. Mwenyekiti alisimama mbele kabisa, ndani ya koti lake la mikutano, tumbo mbele, kama bwana harusi.

Mshona Nyavu akaketi chini. Akavuta pumzi.

"Uwiii! Mwenyekiti wetu jamani! Mwenyekiti umekwenda!"

"Umekwenda, Mwenyekiti!" wanawake wakapokea.

Mwenyekiti alicheka, akatikisa kichwa. Ah, wanawake hawa.

"Nani atatuuzia tena uwanja wa shule? Uwiii! Nani atatia sahihi bila kusoma? Ulitukubalia kila mtu, Mwenyekiti, na kifo nacho umekikubalia!"

"Umekikubalia!"

"Umekufa na gati mdomoni, baba, hata hujalimeza!"

Wageni wakasogea karibu, simu zinang'aa. Tabasamu la Mwenyekiti likaanza kukauka pembeni. Maana kilio hakikai palipo na mliaji. Sauti ile ilipanda mashambani mlimani, na waliokuwa wakipalilia wakatupa majembe. Ilikwenda juu ya maji, na mitumbwi ikageuza. Watu walimiminika kutoka kila upande wakisema, Mwenyekiti, Mwenyekiti amefariki, na asubuhi tu tumemwona.

Na katikati yao akaja mama yake.

Bibi kizee yule macho yalikuwa yamemwisha, nyumba yake ikiwa mbali, na hakuna aliyefikiria kumpa habari. Alikuja peku, nguo moja imemdondoka njiani, akipapasa watu kwa mikono mpaka akalifikia furushi. Akaliangukia.

"Mwanangu! Mwanangu, ungenisubiri!"

"Mama! Niko hapa, mama, mimi mzima!" Mwenyekiti alipiga kelele, lakini kelele yake ilikuwa moja katika hamsini.

Mshona Nyavu alinyamaza ghafla. Alikuwa amepima kila kitu ila mama huyu. Wenzake wakanyamaza naye, na katika ule ukimya mgeni mmoja, mwenye machozi ya kweli machoni, akaanza kupiga makofi. Wengine wakafuata.

Bibi kizee akainua kichwa. "Wanashangilia nini hao?"

Mshona Nyavu akamsogelea kwa magoti. "Nisamehe, mama. Mwanao ni mzima. Kilio kilikuwa cha kuigiza."

"Kuigiza? Nani anaruhusu kuigiza msiba?"

Hakuna aliyemnyooshea mtu kidole. Mwenyekiti alisogea mwenyewe, akainama mbele ya mama yake. Yule kizee akampapasa paji, pua, kidevu, akaweka kiganja kifuani pake akasikiliza. Alipohakikisha kwamba ni mzima, akamzaba kofi lililosikika mpaka kwenye mitumbwi.

"Waondoe," alisema.

Kipaza alikimbilia kumwokoa Mwenyekiti. "Ndugu wageni, na mpaka hapo ndio tumefikia mwisho wa—"

"Nyamaza wewe!" alisema Mwenyekiti, na hilo lilikuwa jambo la kwanza ambalo kijiji kilimsikia akilikataa. Shavu lilikuwa linamwaka. "Hakuna tena. Wiki ijayo hakuna. Waambie."

Mshona Nyavu hakusubiri waambiwe. Aliingiza mikono kwenye lile rundo la mchanga akaanza kulisambaza, na wanawake wakaja mmojammoja wakalitawanya naye, bila kusema kitu, mpaka ardhi ikawa sawa. Yule mgeni wa machozi alibaki amesimama, simu imemning'inia mkononi.

"Samahani, mama," aliuliza kwa adabu. "Sasa aliyekufa ni nani?"

"Leo hapa hajafa mtu, mwanangu," alisema Mshona Nyavu, akikung'uta mikono. "Nendeni nyumbani mkalie wa kwenu."