Mnene wa Ikram

Mama mkwe alipopiga simu kutoka Mashewa kwamba kashapanda gari, anarudi, nilikimbilia dirishani. Ua lake lilikuwa limekufa, na mimi ndiye niliyeliua.

Si ua la kuchumwa. Ni kimti cha majani manene, yanang'aa utadhani yamepakwa mafuta. Nyumbani kwetu hapa Manundu tunakiita mnene. Alikipanda wifi yangu Ikram kwenye sufuria bovu, mwaka ule ule aliofariki. Mama haruhusu mtu akiguse. Mimi, mke wa mwanawe Jabiri, miezi minane ndani ya nyumba ile, safari hii ndiyo mara ya kwanza kunikabidhi kitu. "Mwanaisha, usikimwagilie mpaka majani yanywee."

Mie na kiherehere changu. Jua hili la Korogwe, kiumbe gani kisichosikia kiu? Nikamwagilia asubuhi na jioni, huku najisifu. Wiki ya pili majani yakaanza kudondoka. Nikaongeza maji. Jana nilipolishika shina, kidole kilizama kama kwenye ndizi iliyooza.

Nilikifunga kwa uzi kwenye kijiti ili kisimame. Niliogopa, sikufichi. Nilijiona narudishwa kwetu Misima na mabegi yangu, watu wakiulizana kosa langu.

Mama akaingia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, akaenda moja kwa moja dirishani. Akabonyeza shina. Uzi ukafyatuka, kimti kikalala.

"Nilikimwagilia kila siku," nikasema. "Nilikionea huruma. Nisamehe, mama."

Kisha akaenda kufunga mlango.

"Na mimi hivyo hivyo," akasema kwa sauti ya chini. "Alichokipanda Ikram kiliniozea wiki ya matanga. Maji asubuhi, maji jioni. Hiki nilikiotesha kwa tawi lake lililobaki. Mumeo hajui. Alivyompenda dada yake, sikuthubutu kumwambia."

Akachukua kisu, akapekua mpaka akapata kitawi kimoja kigumu, akakikata. "Kikae siku tano kidonda kikauke. Ukikipanda kibichi kinaoza tena."

Nje Jabiri akabisha hodi. Mama alikitumbukiza kitawi ndani ya kanga yangu, akakifunga fundo, ndipo akaenda kumfungulia.