Taa Iliyotulia

Nilipopewa kazi ya kuendesha pikapu ya chama chetu cha maziwa, sikuwa na cheti cha darasa la saba. Sikuwa na ndugu serikalini wala shemeji kwenye kamati. Sikuwa na saa ya mkono, sikuwa na koti la mvua, na Kiingereza sikuwa nacho ila kile nilichokichimba kwenye kamusi. Sikuwa pia na ajali hata moja katika miaka ishirini na mitatu ya kuendesha malori ya watu, na ni upungufu huo wa mwisho ulioifanya kamati inichague mimi, Elphas Kithaka, kati ya wanaume saba.

Kusoma nilijifunza ukubwani, katika darasa la ngumbaru lililokuwa likifanyika jioni karibu na soko la Manyatta. Dawati moja tulikalia watu wawili, mimi na Riungu. Yeye alikuwa fundi wa magari tayari, ametoka Nchiru upande wa Meru na kuoa huku kwetu Embu, na kila ukurasa alioufungua ulibaki na alama ya grisi ya kidole gumba. Tulitumia kamusi moja. Siku aliyoandika jina lake kamili bila kutazama ubao, aliondoka bila kumuaga mwalimu, akakimbia nyumbani kumwonyesha mkewe. Mimi nilibaki nikimwekea kalamu yake. Nayasema haya ili msomaji ajue mtu huyu alikuwa nani kwangu kabla ya Julai ya mwaka wa 1996.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya fowili. Ukivuta gia ndogo iliyo karibu na goti, magurudumu ya mbele nayo huanza kuvuta pamoja na yale ya nyuma, na taa ndogo ya kijani huwaka kwenye dashibodi. Taa ikitulia, ujue magurudumu ya mbele yameshika. Ikiwa inawaka na kuzima, bado hayajashika, na usithubutu kupanda mlima wenye matope. Mashamba tuliyokusanyia maziwa yako juu, yanapakana na msitu wa Mlima Kenya, na mwezi wa Julai ukungu hukaa huko hadi saa nne za asubuhi. Barabara ni udongo mwekundu. Ukinyunyiziwa manyunyu usiku mmoja tu, unateleza kama sabuni.

Wiki ya kwanza ya Julai taa ilianza kuwaka na kuzima, wala haikutulia. Nilimwambia Riungu, ambaye ndiye aliyekuwa akitunza gari la chama. Akacheka, akasema taa inanikonyeza, labda imenipenda, na mke wangu asisikie.

Sikuridhika. Kwenye droo ya gari kulikuwa na kitabu cha watengenezaji, cha Kiingereza. Nilikisoma kwa siku mbili nikiwa na kamusi. Kilisema taa ikiendelea kuwaka na kuzima, punguza mwendo, nyoosha usukani, rudi nyuma kidogo kisha uende mbele. Nilifanya hivyo vyote. Asubuhi haikusaidia, saa tano ilitulia yenyewe. Basi nikaanza kuandika. Tarehe tisa, ukungu, umande mzito, ilikonyeza dakika ishirini na tano. Tarehe kumi na mbili, jua lilitoka mapema, dakika sita. Tarehe kumi na tano nilitumwa Karurumo kuchukua mitungi mipya, na huko chini kwenye joto taa ilitulia kabla sijaondoa mkono kwenye gia.

Kwa hiyo kasoro ilikuja na baridi. Lakini baridi haivunji chuma. Nilikaa jikoni asubuhi moja nikimtazama mke wangu Wanjira akichota mafuta ya kupikia yaliyoganda kwenye mkebe, akilazimika kutumia kisu, nikapata jibu. Mwezi wa Mei Riungu alikuwa amebadilisha oili ya difu ya mbele, ile inayozungusha magurudumu. Kitabu kilitaja oili nyepesi. Kama aliweka nzito, asubuhi ingekuwa kama mafuta ya Wanjira.

Nilikwenda gereji kwake nikamuuliza aliweka oili gani. Alikuwa chini ya lori, miguu tu ndiyo ilionekana. Akasema aliweka ile inayotakiwa.

"Au siku hizi umekuwa injinia wa kamusi?" akaongeza kutoka kule chini, na watu waliokuwa wamekaa kwenye matairi wakacheka.

Nilichomwa. Mtu niliyekalia naye dawati moja ananichekea kusoma. Kamati nayo ilikuwa imeanza kulalamika kwamba nachelewesha maziwa kwa kungoja jua. Basi mbele ya watu wale wale nikasema maneno ambayo nimeyarudia moyoni mara nyingi kuliko sala yoyote. Nilisema, "Haya, sitaki habari ndefu. Nataka hiyo taa itulie."

"Itatulia," akasema Riungu.

Alikaa na gari siku mbili. Asubuhi aliyolirudisha, ukungu ulikuwa mzito hata sikuona lango la ofisi. Nilivuta gia ndogo. Taa ya kijani ikawaka mara moja, ikakaa pale, imara, bila kupepesa. Niliona haya kwa kumshuku. Nilimpelekea ndizi mbivu mkungu mzima, nikamwomba msamaha, akaupokea. Nilimwambia hata Winfred, karani wa chama, aandike kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba fundi wetu anastahili shukrani.

Tarehe thelathini nilipanda kwenda juu kama kawaida. Kwenye mlima ulio chini kidogo ya msitu nilimkuta Wambeti, mjane mwenye ng'ombe wawili, akielekea kwa dada yake. Aliomba nimsogeze. Kisha akatazama matope, akasita, akauliza kama si afadhali tungoje jua lichomoze. Mimi nilimfungulia mlango nikamwonyesha dashibodi.

"Taa imetulia, mama. Panda."

Akapanda. Tulifika katikati ya mlima magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure. Gari lilisimama, kisha likarudi nyuma kiubavu, pole pole mwanzoni. Breki hazikushika kitu. Tuliingia mtaroni, gari likalala upande wa Wambeti, mitungi ikaanguka, maziwa ya familia kumi na moja yakamwagika kwenye udongo. Wambeti alikuwa ameukinga uso wake kwa mkono, na mkono ule ulivunjika juu kidogo ya kiganja. Hakupiga kelele. Aliniomba tu nimshikie leso yake isiingie matopeni.

Baada ya watu kulinyanyua gari na kumbeba Wambeti, nilijaribu kulitoa. Nilikanyaga mafuta, mlango ukiwa wazi, nikainama kutazama. Magurudumu ya nyuma yalirusha matope. Ya mbele hayakutikisika. Nilipogeuka, taa ya kijani ilikuwa imetulia.

Chama kilimwita Idrisi, fundi wa mjini Embu, mtu wa maneno machache. Alifungua dashibodi, akaangaza kwa tochi, kisha akaniita nione. Waya wa taa ulikuwa umeondolewa mahali pake na kuunganishwa na swichi iliyo kwenye gia ndogo. Akanieleza taratibu: taa ile haikuwa tena inasikiliza magurudumu. Ilikuwa inasikiliza mkono wangu. Nikivuta gia inawaka, hata kama magurudumu ya mbele yangekuwa yamebaki nyumbani. Kisha akafungua oili ya difu. Ilitoka kama asali ya mzinga wa zamani. Alisema hiyo ni oili ya malori makubwa.

"Aliyefunga waya huu si mwanagenzi," akasema. "Mzee, mkono huu unaujua?"

Niliujua. Utepe mweusi ulikuwa umekunjwa ncha yake kidogo, ili fundi atakayefuata apate pa kushika. Ni Riungu tu niliyewahi kumwona akifanya hivyo. Hata katika kunidanganya alikuwa na adabu ya kazi.

Jumatatu kamati ilikaa. Iliniambia niandike barua ya maelezo ifikapo Ijumaa, na kama maelezo hayataridhisha, gari litapewa dereva mwingine. Wambeti alikuwepo, mkono umefungwa plasta. Alipoulizwa kama ana la kusema, alinitazama mimi, si mwenyekiti.

"Uliniambia nipande," alisema.

Alhamisi mchana Riungu alikuja nyumbani. Wanjira alimpa chai. Kwa muda alizungumzia mahindi, kisha akakiri yote bila mimi kumuuliza. Oili nyepesi ilikuwa imekwisha mwezi ule wa Mei, akatumia iliyokuwepo kwenye pipa, akidhani Julai itapita tu. Nilipomuuliza, watu walikuwa wamekaa pale, wateja wake, akashindwa kusema kweli mbele yao. Na sasa kamati ikijua, ataondolewa, na nani atampelekea gari tena?

"Andika ni baridi," akasema. "Baridi haitaitwa mbele ya kamati."

Nikamuuliza kuhusu waya.

"Waya uliutaka wewe, Baba Muchangi. Ulisema taa itulie. Watu walisikia. Hukusema magurudumu."

Ndivyo nilivyosema, neno kwa neno. Nilihisi kama mtu aliyepigwa kwa fimbo yake mwenyewe na mtu aliyemwazima. Wanjira ndiye aliyejibu, akiwa amesimama na birika mkononi.

"Kwa hiyo mimi nikikwambia mtoto wangu analia, mnyamazishe, wewe utamziba pua?"

Riungu aliweka kikombe chini. Akanigeukia akasema kwa sauti ya chini kwamba sisi ni watu wa dawati moja. Hilo ndilo lililoniuma kuliko oili na kuliko waya. Miaka yote ile hakuwahi kulitaja dawati lile. Alilitaja siku alipotaka nidanganye.

Nilimsindikiza hadi kwenye lango kama ilivyo desturi, lakini sikumpa mkono.

Ijumaa asubuhi, baada ya kukamua, niliketi mezani. Niliandika barua ya kwanza, ukurasa mzima juu ya Riungu. Kila sentensi ilikuwa ya kweli, na nilipoisoma nilimwona mzee mwema asiye na kosa aliyeonewa na rafiki. Wambeti hakuwamo hata kidogo. Niliichana. Ya pili niliandika ni baridi. Nilifika mstari wa tatu nikaona mwandiko wangu umepinda, nami mwandiko haunipindi. Niliichana hiyo pia.

Ya tatu iliandikwa hivi: "Oili iliyowekwa ilikuwa nzito, nami nilikuwa nimeshaligundua hilo kwa kipimo changu, lakini nikaogopa kuchekwa nikaacha kufuatilia. Nilimwambia fundi Riungu nataka taa itulie, naye akaituliza taa peke yake, akijua gari halijapona. Hilo ni lake. Mama Wambeti alitaka kungoja jua, mimi nikamwambia apande. Hilo ni langu. Sina jingine la kuongeza, wala siombi kuhurumiwa." Nikatia sahihi, jina kamili, na tarehe.

Sikuipeleka ofisini kwa mkono, ingawa ofisi ya chama inatazamana na posta. Karani wa posta alinishangaa nilipomwambia naituma kwa rejista. Aliniuliza kama mzee najua wenyewe wako hapo ng'ambo ya barabara, hatua arobaini tu. Nikamwambia najua, ila barua hii haitapotea kwenye meza ya mtu. Nikalamba gundi ya bahasha, nikaibana kwa kiganja juu ya kaunta hadi ikashika, nikampa. Akaipiga muhuri wenye tarehe ya siku hiyo mara mbili, akaitia kwenye mfuko.