Filamu Haijajaa

Ngendo alidungwa dawa ya manjano mkononi, akaambiwa aweke kidevu kwenye chuma na asifumbe jicho. Taa ikamwakia usoni mara kumi na mbili. Kichefuchefu kilimpanda, akakimeza.

"Ukinitapikia hii mashine, utainunua," alisema Dalmas, mpiga picha za macho.

Kwa miezi miwili Ngendo alikuwa akichambua kahawa kiwandani Thika kwa kubahatisha. Kila alipotazama palikuwa na ukungu katikati, na punje mbovu zilimpita tu. Msimamizi alimpa mwezi mmoja: alete barua ya daktari au asirudi.

Daktari Tahir alikuwa amemmulika macho akakuta madoadoa meupe huko nyuma, yote mawili.

"Ni uvimbe, mama. Lakini uko wa aina nyingi, na kwa tochi zinafanana. Mmoja huisha wenyewe. Mwingine hula jicho, na dawa yake ni kali, siwezi kukupa hivi hivi. Picha ndiyo itasema ni upi."

Sasa Ngendo akamuuliza Dalmas, "Itasema lini?"

"Filamu moja ni picha thelathini na sita. Wewe umekula kumi na mbili. Haipelekwi kusafishwa mpaka ijae. Amri ya mkubwa wa hospitali."

"Na atakayeijaza ni nani?"

"Omba Mungu wengine waugue kama wewe."

Alirudi nyumbani Ruiru ngozi ikiwa ya manjano kwa ile dawa. Majirani kwenye ploti ya vyumba vya kupanga wakaogopa kuambukizwa, wakaficha vikombe vyao.

Jumatatu alirudi hospitalini. Haijajaa. Jumatatu nyingine, haijajaa. Wiki ya tatu alipapasa ukuta kutafuta mlango. Ya nne, Dalmas alimpokea kwa furaha.

"Mama, imejaa!"

Mheshimiwa alikuwa amekuja kufungua choo cha wageni, na mkubwa hakuwa na filamu. Akaamuru kamera ing'olewe kwenye mashine, ikapige picha za sherehe.

"Na zangu?"

"Zile duara nyeusi zenye vidoadoa? Mkubwa alidhani zimeungua. Akamwambia mtu wa studio azitupe."

Ngendo alimgeukia Daktari Tahir, aliyekuwa mezani kando yao. Daktari alikuwa anatazama kalamu yake.

"Tutapiga tena, filamu ikinunuliwa."

"Basi nipe hiyo dawa kali."

"Na kama sio huo ugonjwa?"

"Haya, barua."

"Niandike nini, mama? Sijui unaumwa nini."

Picha za sherehe zilikuwa ukumbini, nyuma ya kioo. Dalmas alimshika mkono akampeleka. "Si vibaya uone. Huyo hapo Mheshimiwa, anakata utepe."

Ngendo alisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Pembeni aliona viatu vilivyong'arishwa na mikono ikipiga makofi. Katikati, pale walipokuwa wote wamegeukia, hapakuwa na mtu.

"We mama!" askari wa mlangoni alifoka. "Toa pua hapo, hicho kioo kimepanguswa asubuhi."