Jirani wa 4B

Jengo letu la Kinanie liliishia ghorofa ya pili. Nyumba yangu, 4C, ilikuwa iwe ghorofa ya nne, kwa hivyo mpaka leo ni hewa tupu. Lakini majirani nilikuwa nao. Sisi wanunuzi tulikuwa na grupu ya WhatsApp, na tuliitana kwa namba za milango ambayo haijawahi kuwekwa. 2D tulishamkanya kuhusu kelele za watoto wake. 3A tulimjua kwa ubishi.

Nzau wa 4B alikuwa mjane kama mimi. Alisema tukihamia atakuwa akigonga ukuta kila asubuhi ajue nimeamka. Nyumba ilipochelewa, akaanza kugonga kwenye simu: "Ngo ngo ngo." Nami namjibu: "Niko." Miaka mitatu hivyo, mimi nikiwa chumba cha kupanga huku Tala.

Halafu kampuni iliyotuuzia nyumba ikaja na ujanja. Anayefuta malalamiko yake dhidi yao anapewa ploti kule Ndithini. Majirani wakaweka sahihi mmoja mmoja, wakatoka kwenye grupu. Nzau alitoka Jumapili, bila hata kuaga.

Leo asubuhi wakili wa kampuni amenipigia. "Mama Mbithe, wenzako wote wameondoka. Wewe unangoja nini?"

"Mwambie mkubwa wako mimi sihami!" nikamfokea, nikakata simu.

Kisha nikafungua grupu, nikaandika: "Niko."

Hakuna aliyekuwa amegonga.