Nisubiri Hapo, Nakuja

Kipaza sauti nilikuwa nacho mimi. Siyo kile cha jukwaani. Kile cha kushika mkononi, chenye mkanda wa kuvaa begani na kitufe chekundu cha king'ora. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, mjumbe wa kamati ya kupokea wanafunzi wapya, nimevaa fulana ya njano iliyoandikwa mgongoni NIULIZE MIMI. Watu wakaniuliza kweli. Bweni la wasichana liko wapi? Vyoo viko wapi? Mkuu wa chuo anahutubia saa ngapi? Nilijibu yote, na nisilolijua nililijibu kwa sauti kubwa zaidi.

Siku hiyo nilikuja na mdogo wangu, naye akiwa mwanafunzi mpya, wa uhandisi. Nyumbani tulimwita Profesa tangu ana miaka saba, siku alipoifungua redio ya mama vipande vipande, akairudishia, ikaongea vizuri kuliko ilipotoka dukani. Mzito wa maneno, yule. Ukimwambia kaa, anakaa. Maneno yake yote nadhani nilipewa mimi niliyetangulia kuzaliwa.

Kabla hatujaondoka nyumbani, mama alikusanya vyeti halisi vya Profesa, akavitia kwenye bahasha ya kaki, akaifunga kwa uzi na kunikabidhi mimi.

"Huyu atakuwa anashangaa nyaya za umeme njiani, aisahau kwenye basi," alisema. "Shika wewe dada yake. Na yeye mwenyewe mshike."

Nikaitumbukiza kwenye mkoba wangu.

Ilikuwa siku ya mwisho ya usajili kwa watu wa uhandisi. Dirisha lilikuwa linafungwa saa kumi kamili, na nafasi ya asiyetokea inapewa mtu mwingine aliye kwenye orodha ya kusubiri. Hilo nililijua kuliko wengi, kwa sababu nililitangaza mimi mwenyewe, tena mara tatu, na king'ora nikakipiga.

Tulifika saa tatu asubuhi. Foleni ya usajili ilikuwa imelizunguka jengo la utawala mpaka kwenye matanki ya maji. Nikaitazama kwa dharau.

"Wewe huwezi kupanga foleni na hawa," nikamwambia. "Karani wa pale ananijua. Ngoja nitembeze kundi langu la kwanza, nikirudi nakupitisha dakika tano tu. Kaa hapa kwenye ngazi za maktaba. Usitoke, nisije nikaanza kazi ya kukutafuta."

"Na bahasha?"

"Bahasha ninayo mimi. Wewe utaipoteza."

"Haya, dada."

Akaweka sanduku lake la bati kwenye ngazi ya chini, akakaa juu yake. Nami niseme ukweli: angepanga foleni ile asubuhi, kufikia saa saba angekuwa ameshasajiliwa. Lakini nilitaka anione. Nilitaka apitishwe mlango wa pembeni mbele ya watu wote, karani aniite kwa jina la utani, na yeye akasimulie nyumbani kwamba dada ni mtu mkubwa huko.

Kundi la kwanza likazaa la pili, la pili likazaa la tatu. Mkoba ulikuwa unanizuia kupunga mikono, nikaufungia kwenye ofisi ya kamati, na simu yangu ndani yake. Saa sita tukawa na michezo ya kufahamiana uwanjani. Wahandisi walivutana kamba na wanasheria, wanasheria wakaanguka kifudifudi, mimi nikitangaza kama mpira wa taifa. Saa saba mkuu wa chuo akahutubia, akaishukuru kamati, na sisi wenye fulana za njano tukasimama tupigiwe makofi. Kichwa kilinivimba, siwezi kukataa.

Ilipogonga saa nane nikapita mbele ya maktaba na watu arobaini nyuma yangu.

"Hii ndiyo maktaba yetu!" nikapaza. "Humu watu huingia na akili wakatoka na usingizi!"

Wakacheka. Profesa alikuwa palepale juu ya sanduku, jua limeshamhamia usoni, shati limemganda mgongoni. Aliponiona aliinuka nusu, akanyoosha mkono kama mtoto darasani anayeomba ruhusa ya kusema. Nilimwona. Nilimwona vizuri kabisa. Nikamwonyesha kiganja, kwamba subiri, na yeye akakaa.

Mara nyingi natamani ningeweza kusema nilimsahau. Kusahau kungekuwa na nafuu yake.

Kazi ilipopungua nilijitupa kwenye kiti cha plastiki karibu na hema la vinywaji. Mwenzangu wa kamati akanipa soda, akaniuliza, hana hili wala lile, "Yule mdogo wako wa uhandisi kapangiwa bweni gani?"

Nikatazama saa ya mnara. Kumi na dakika nane.

Sijui soda niliimwagia nani. Nilikimbia ofisini nikachukua mkoba, nikakimbilia maktaba. Kwenye simu kulikuwa na namba yake mara kumi na nne. Nilimkamata mkono tukakimbia hadi jengo la utawala, sanduku tukaliacha ngazini. Foleni haikuwepo tena. Yule mama karani alikuwa ameshavua miwani, anafungia mihuri kwenye droo.

"Mwanangu, mfumo umejifunga wenyewe," aliniambia kupitia dirishani. "Hata angekuwa mtoto wa kumzaa mimi, singeweza."

"Lakini yuko hapa tangu saa tatu asubuhi!"

"Hapa wapi? Mimi nimekaa kwenye kiti hiki mchana kutwa, sijamwona."

"Nilikuwa kwenye ngazi," Profesa akasema taratibu, kama anayeomba radhi.

Kesho yake tulizunguka ofisi zote, kila mlango ukitutuma kwenye mlango mwingine, mpaka tukamfikia mzee mmoja aliyetufungulia daftari. Jina la mtu mwingine lilikuwa limeshaandikwa kwenye nafasi ile, na mtu mwenyewe yuko njiani anakuja. Mwaka uliofuata mdogo wangu aliomba tena. Alama za kuingilia zilikuwa zimepandishwa, akaachwa kwa alama moja. Hakuomba mara ya tatu.

Na bado hapo sijafika kwenye ubaya wenyewe. Ubaya wenyewe ni jioni ile ya kwanza, mama alipopiga simu kuuliza tumefikia wapi. Profesa alikuwa amesimama pembeni yangu. Nikafungua mdomo nikidhani nitasema kweli, nikasikia ukisema, "Mama, huyu kachelewa. Nilimwambia awahi, akakaa kwenye ngazi za maktaba akasinzia."

Mama alilia, halafu akataka kusema naye. Nikampa simu. "Shikamoo, mama," alisema. "Ndiyo, mama. Nimekosa, mama." Macho yake yalikuwa kwenye viatu vyake, vipya, alivyonunuliwa kwa ajili ya siku hiyo.

Simu ilipokatika nilimshika bega. "Nitamweleza mama ukweli mimi mwenyewe," nikamwambia. "Akishapoa. Wewe subiri kidogo tu."

"Haya, dada."

Imepita miaka sita. Nilihitimu, nikapigwa picha na joho, picha iko sebuleni juu ya televisheni. Profesa ni fundi wa friji, ana kibanda chake na kazi haimpungui, ila jina la Profesa mama aliacha kumwita siku ileile. Sasa ni "huyu". Mgeni akija, habari ya nafasi iliyopotea kwa usingizi lazima aisikie kabla chai haijapoa. "Huyu alilala mlangoni pa chuo," mama husema, na wageni hucheka, na mimi huenda jikoni kutafuta sukari ambayo imo mezani.

Leo asubuhi kitindamimba wetu alikuwa anaondoka kwenda chuoni, chuo kilekile. Profesa alikuwa ameazima gari la mteja wake kumpeleka, na kabla ya kulipakia alimvuta mdogo wetu pembeni. Nilimsikia akimwambia, "Ukifika tu, panga foleni. Hata ukiambiwa nini, panga foleni."

Mama akatoka ndani na bahasha ya kaki, anaikaza uzi. Akampita Profesa, akampita mwenye vyeti vyake, akanijia mimi.

"Shika wewe," alisema. "Unamjua huyu na uzembe wake."

Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka kuipokea. Nikauona ule mkono, nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Mama, hakusinzia," nikasema. "Vyeti vilikuwa kwenye mkoba wangu. Nilimwambia asitoke pale, na saa nane nikampita nikamwona, nikaendelea na mambo yangu. Nilikudanganya."

Mama hakunipiga wala hakupiga kelele. Aliuzungusha uzi wa bahasha kwenye kidole. Kisha akamgeukia mwanawe, ambaye alikuwa ameinama nyuma ya gari anafunga sanduku la mdogo wetu kwa kamba.

"Na wewe?" akauliza. "Miaka sita nakutukana mbele za watu, mwanangu. Kwa nini hukusema?"

Profesa alimalizia fundo lake kwanza, akalivuta kuona kama limeshika.

"Dada alisema atakwambia mwenyewe, mama," akajibu. "Aliniambia nisubiri."