Vyeti vya Waliosukuma Gari

Kwa mamlaka kamili niliyokabidhiwa, natangaza rasmi matokeo ya Tume ya Uchunguzi wa Mwenendo wa Madai ya Watumishi katika ofisi ya mradi wa maji, Chikongola, Mtwara. Tume ilikuwa na mjumbe mmoja, mimi Irene, miaka kumi na saba, niliyekuwa nasubiri kupangiwa shule ya kidato cha tano. Mamlaka nilijikabidhi mwenyewe, nikiwa nimekaa juu ya boksi la karatasi nakula korosho za wageni.

Mama yangu, Rebeka, ndiye mhasibu wa mradi. Alinipeleka masjala nibebe mafaili, kwa sababu aliona nikibaki nyumbani nitavunja kitu. Miaka minne ya bweni ilikuwa imenifundisha kutembea bila kusikika na kuiga mwandiko wa kila mwalimu wa zamu. Elimu hiyo sikutaka ipotee.

Tume ilibaini yafuatayo. Dai huanza kwa mwenye kudai. Huenda kwa Hashimu, msimamizi wa usafiri, ambaye husaini bila kuvua miwani ya jua. Kisha huenda kwa mama, anayekagua risiti moja moja, halafu kwa mkurugenzi, Mzee Gaudensi, anayeandika "Ilipwe" kwa wino wa kijani. Hapo hurudi kwa mama, fedha zikatoka. Wino wa kijani ni wa mkurugenzi peke yake. Wengine wote bluu. Nikaanza kushuku kwamba hakuna anayesoma maneno yenyewe, watu wanatazama rangi tu. Tume ikaamua kufanya jaribio.

Dai lililokuwa mkononi siku hiyo lilikuwa la Sudi, dereva. Mvua za Machi zilikuwa zimezamisha gari la mradi kwenye tope la kijiji kimoja karibu na mdomo wa Ruvuma, likakaa siku mbili. Sudi aliwalipa watu kumi na mmoja wakalisukuma, akanunua na dizeli ya madumu. Shilingi laki mbili na arobaini, zote za mfukoni mwake. Mfukoni maana yake nilikuwa naijua, kwa sababu alikuwa amemweleza Hashimu nikiwa hapo hapo. Mama yake, Bi Tatu wa Mpapura, ana sukari. Alichomwa mguuni na mwiba shambani, kidonda kikagoma kupona, na daktari alisema vidole viwili vikatwe ndani ya wiki moja. Fedha ya safari na matibabu ndiyo iliyozama kwenye lile tope.

Hayo niliyajua. Nikatoa kalamu ya kijani niliyoinunua dukani kwa shilingi mia tano, nikaandika chini ya saini ya mama: "Waliosukuma gari walete vyeti vya kuzaliwa." Badala ya kulipeleka dai kwa mkurugenzi, nikalirudisha kwa mama. Nilitegemea baada ya dakika tano nitamsikia akicheka, aniite mshenzi, mambo yaishe kabla ya chai.

Mama hakucheka. Aliandika, "Dereva, tafadhali tekeleza." Hashimu akaongeza, "Nimeona."

Sudi aliisoma karatasi akiwa amesimama kwenye korido. Akauliza kwa upole kama agizo linawahusu na wazee, maana wengine pale kijijini hawajawahi kuwa na cheti. Hashimu akamjibu kwamba asiye na cheti alete barua ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri. Alilitamka hilo kwa uzito, kama mtu aliyeliwaza tangu jana.

Sudi akaazima pikipiki akaondoka. Nilimwona akifunga mfuko wa nailoni kifuani ili karatasi zisilowe. Ningeweza kufungua mdomo. Lakini mama angeaibika mbele ya ofisi nzima, nami ningerudishwa nyumbani. Nikajiambia kesho.

Kesho zilikuwa tisa.

Aliporudi, suruali yake ilikuwa ngumu kwa tope hadi magotini. Alikuwa na nakala nane za vyeti na barua tatu zenye muhuri. Hakwenda kwa Hashimu wala kwa mama. Alipita moja kwa moja hadi kwa mkurugenzi, nasi tukaitwa wote.

"Mzee, agizo lako nimelitimiza," Sudi alisema. "Nimepitia Mpapura. Majirani walishampeleka mama hospitali kwa fedha za kuchangishana. Wameukata mguu wote, juu ya goti. Daktari anasema tungewahi vingekuwa vidole tu. Sasa naomba saini yako, nikamnunulie magongo."

Mzee Gaudensi aliisoma karatasi mara mbili.

"Mimi sijaandika hiki kitu."

Hashimu akavua miwani. Mkurugenzi akamuuliza ni akili gani ilimfanya amtume mtu akatafute vyeti vya wanavijiji kwa sababu ya tope. Hashimu akasema alidhani mhasibu anaelewa. Mama akasema alidhani ni agizo jipya kutoka juu.

"Rebeka, uliliona ni la kijinga?"

"Niliona, mzee. Lakini lilikuwa la kijani."

Mkurugenzi akampa karatasi aitazame vizuri. Mama aliisogeza dirishani. Ile "g" ya "gari" ina mkia niliouzoea tangu darasa la pili, na kwenye kuiga nilisahau kuukata. Aliponigeukia, uso wake ulikuwa umezeeka.

"Irene."

"Ni mimi, mama."

Hakuna aliyenipigia kelele. Sudi ndiye aliyeuliza, kwa sauti ileile ya korido.

"Mwanangu, ulikuwa unataka nini?"

"Nilikuwa natania, anko. Nilitaka kuona kama wanasoma."

"Na habari ya mguu wa mama hukuwa unaijua?"

Nilikuwa na uongo tayari, kama kawaida yangu, na ulikuwa mzuri. Ningesema sikujua, wangeniamini.

"Nilijua," nikasema. "Nilijua kabla sijaandika."