Mlango Ulioingia Disko

Katika wimbo wa elektroniki uliokuwa ukivuma redioni, nilisikia mlango wa bafu letu ukilia. Nikataka kujua umefikaje humo, nikamfuata di-jei mwenye wimbo studioni kwake, nikajitaja jina.

“Mlio huu uliupata wapi?”

“Nimeutengeneza kwenye kompyuta, mzee.”

“Basi utengeneze tena, nione.”

Alipapasa vitufe hadi jasho likamtoka, kisha akacheka. “Umenikamata. Wimbo wote kautunga binti yako. Nilitaka kuandika jina lake, akakataa katakata.”

“Kwa nini?”

“Anasema ukijua anatunga muziki wa disko, utamfukuza nyumbani.”

Nilipokuwa shule ya bweni nilifunzwa kwamba kila kazi huandikwa jina la aliyeifanya, na hakuna aliyesema disko haimo.

“Liandike,” nilimwamuru. “Majina yote matatu. La mwisho ni langu.”